Picha ya Kinyago na Kinyago Chenyewe

Baadhi ya majumba ya makumbusho huwavika wageni miwani ya kompyuta inayochanganya picha na vitu halisi, hata kinyago kilichofungiwa kiooni kikaonekana kinacheza. Miwani hiyo ingeweza kumletea kijana wa Burungu, asiyekuwa na nauli ya Kinshasa, hazina za taifa hadi darasani. Naikubali. Lakini Kakuungu, kinyago kikubwa cha jando la Wasuku, kilirudi Kinshasa mwaka 2022 mikononi mwa Mfalme Philippe wa Ubelgiji, tena kwa mkopo! Tukiridhika na picha, nani atadai vitu vyenyewe? Na hata hiyo picha, anayeibuni awaulize kwanza Wasuku yapi ya jandoni yaonyeshwe na yapi yabaki siri.