Umeshonwa, Hujapona

Wasee wa Ukunda, tuambiane ukweli. Mtu akipasuliwa sababu alsa imetoboka, mtaa mzima una ushauri mmoja tu: "Wacha pilipili!" Achari, mabuyu, ukwaju wa viazi karai, vyote marufuku. Wiki mbili baadaye mshono unamuuma, mtoto anatumwa duka la dawa kuleta diklofenaki. Hapo hakuna anayepiga kelele.

Pilipili inaweza kukuchoma, sawa, lakini si yo inayokutoboa. Washukiwa wakubwa ni wawili: bakteria wa Helicobacter pylori, na dawa za maumivu kama aspirini, Brufen na hiyo diklo yenu. Barry Marshall, daktari wa Australia, alichoka kubishiwa kuhusu huyo bakteria, akamnywa mwenyewe mwaka 1984. Tumbo likawaka kweli. 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Nobel. Sisi bado tunalaumu achari.

Elewa kitu kimoja. Daktari akikupasua anaziba tundu, mara nyingi kwa kushonea juu yake kipande cha mafuta ya humo humo tumboni. Kama bakteria alikuwemo, bado yumo. Ukikatiza antibayotiki siku ya tano eti unajisikia poa, alsa inaweza kurudi, na safari hii utapasuliwa juu ya kovu. Sigara nayo inachelewesha kidonda kupona. Na ninyi wa boda, muguka unaua njaa, halafu mnameza vidonge kwa tumbo tupu.

Familia pia. "Msimguse, alale!" Alale mpaka lini? Akiruhusiwa na daktari, ainuke, atembee wodini, avute pumzi ndefu. Kulala tu ndiko kunakoleta damu kuganda miguuni na nimonia.

Hospitali nazo zisijifiche. Unamruhusu mgonjwa na karatasi ya Kiingereza, mamake anasoma Kidigo usoni mwako hajui pa kuanzia. Mwambie kwa mdomo: homa, tumbo gumu kama ubao, kutapika mfululizo, choo cheusi kama lami, hiyo si ya kusubiri asubuhi. Panda gari uende Msambweni.

Na wewe wa duka la dawa, kabla hujafunga hiyo diklo kwenye karatasi, muulize mtu: "Ushawahi kuwa na alsa? Ushapasuliwa tumbo?" Ni sekunde tano. Panadol unazo hapo hapo.