Ndoo ya Binti na Daftari Lake
Tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipopata kujitegemea mwaka 1970, tumezoea kudhani kwamba mwanafunzi hufaulu kwa akili yake tu, ilhali binti arejeaye jioni kwa shangazi yake Ubungo, akateka maji, akapika, akaosha vyombo na kumbembeleza mtoto hata alale, ndipo afungue daftari saa tano usiku, hushindana na nduguye wa kiume aliyeketi kusoma tangu magharibi. Mkopo wa serikali hulipa ada. Saa hizo haulipi. Kijana naye, aonaye haya kukiri dhiki yake mbele ya wenziwe, huanguka kimyakimya. Basi, enyi walezi, mitihani ikikaribia mwondoleeni binti ndoo, mumpe kaka yake, na mkimpa, mwulizeni hali.