Daftari la Mwanafunzi wa Sosholojia

Kila mwaka vijana wa Simiyu, kutoka Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, huondoka kwao kwenda kutafuta shahada katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma, au katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kilichopo jirani, Mwanza. Na wale miongoni mwao waliochagua sosholojia, ambao yapasa wawe na akiba kubwa ya maarifa kuliko wenzao kwa kuwa wamelelewa katikati ya koo, ng'ombe, pamba na mabaraza ya wazee, aghalabu huiacha akiba hiyo mlangoni mwa chuo kana kwamba haina thamani.

Sababu yake, kwa rai yangu, ni namna ya kusoma waliyoizoea. Sekondari walifaulu kwa kukariri, na wafikapo chuoni huzikuta zile karatasi wanazoziita madesa, yaani muhtasari wa masomo unaorithiwa darasa hata darasa, wakazishika usiku wa kuamkia mtihani, hata mtu akaweza kumaliza miaka mitatu bila ya kukifungua kitabu cha Émile Durkheim juu ya kujiua, kilichotoka mwaka 1897, ilhali jina la mwandishi huyo amekwisha kulitaja katika kila mtihani. Fauka ya hayo ipo taabu ya lugha, kwa kuwa kijana huyu huwaza kwa Kisukuma, alifundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi, na sasa hana budi kujibu kwa Kiingereza. Basi hunakili sentensi za watu akidhani amefahamu. Dawa ninayoijua ni moja: asome sura moja kwa utulivu, akifunge kitabu, aandike kwa lugha ya nyumbani kwake hoja ya mwandishi na ushahidi wake, na pale kalamu inapokwama arudi kitabuni, maana hapo ndipo ambapo hakufahamu.

Lakini maandishi hayo yasiishie vitabuni. Mmarekani C. Wright Mills, katika nyongeza ya kitabu alichokitoa mwaka 1959, aliwausia wanafunzi wa sosholojia waweke kumbukumbu ambamo mambo wanayoyasoma yatakutana na mambo wanayoyaona katika maisha yao. Na kabla yake kwa karne nyingi, Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, baada ya kuwatumikia masultani wa Maghrib na kukaa na makabila ya huko, alijitenga katika ngome ya Ibn Salama akaandika kitabu chake, Mukadima, mwaka 1377. Na fikira yake ya asabiya, ule mshikamano unaolipa kundi nguvu, isingalizaliwa kwa vitabu peke yake.

Kijana wa Simiyu ana nini cha kuandika katika daftari la namna hiyo? Anacho tele. Likizo ndefu humfikisha nyumbani aghalabu pamba ingali ikiuzwa, na katika ghala la chama cha ushirika ataona nani apimaye, nani aandikaye na nani anayengojea malipo. Akiwa amemsoma Max Weber na aina zake tatu za mamlaka, ya mila, ya karama na ya sheria, na akae na mzee aliyekuwamo katika Sungusungu, walinzi walioibuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, ambao baadaye Serikali iliwatambua kisheria, amwulize ni kwa nini watu walimtii kiongozi wao. Ataona aina zile tatu zimechanganyika ndani ya mtu mmoja, na jambo hilo hakuna desa litakalomfunulia. Kadhalika yupo Hans Cory, mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, ambaye mwaka 1953 alitoa kitabu juu ya sheria na desturi za Wasukuma: mwanafunzi asome humo habari za mahari, kisha awaulize bibi na babu zake lipi lilikuwa kweli, lipi limegeuka, na lipi Mzungu yule hakuambiwa. Kusoma kwa kumhoji mwandishi ndiko huko. Ila adabu itangulie: aombe idhini, na siri za jirani asiziandike kwa majina yao.

Nawasihi wazazi wetu, kijana akiketi barazani na daftari lake akiwauliza habari za zamani, wasimhesabu kuwa mvivu aliyelikimbia jembe. Na wahadhiri nawaomba watenge sehemu ya alama za kozi kwa daftari la likizo, wakalisome, wakalisahihishe, na kumrejeshea mwenyewe muhula mpya unapofunguliwa.