Barua ya Wazi kwa Mwenyekiti: Teua Msuluhishi, Nirudi Ulingoni

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Ofisi yako ndiyo inayotusimamia mabondia wa kulipwa. Jalada langu liko mezani kwenu, hivyo sitarudia yote yaliyomo. Promota alinilipa nusu ya malipo yangu kabla ya pambano. Nusu ya pili hajaitoa hadi leo. Mkataba tuliosaini mbele ya ofisa wenu unasema mgogoro wowote utaamuliwa na msuluhishi atakayeteuliwa na ofisi yako. Msuluhishi huyo hajateuliwa.

Nilikwenda mahakamani. Promota akaonyesha kifungu hicho hicho, na shauri likasimamishwa ili nirudi kwenu. Siilaumu mahakama. Aliyesaini kifungu cha usuluhishi amekubali kuamuliwa nje ya mahakama, na tuzo ya msuluhishi humfunga. Najua pia kwamba uteuzi ukikwama, naweza kuiomba mahakama imteue. Ombi hilo linataka wakili, na fedha ya kumlipa wakili ndiyo ninayoidai.

Jalada likiwa limelala, mimi sipigani. Kifungu kingine kinanikataza kupanda ulingoni kwa promota mwingine bila kibali cha huyu. Promota mmoja aliyenitaka alisoma ukurasa huo, akanirudishia karatasi zangu, akaenda kumchukua bondia mwingine. Maana yake, asiyenilipa ndiye anayeamua kama nifanye kazi au nisifanye. Ada ya shule ya mwanangu nimeikopa. Kodi ya nyumba nadaiwa. Hayo nitayabeba. Nisichoweza kukibeba ni hiki: nina miaka 33 na sipigani. Asubuhi nakimbia, jioni nafunga bendeji na kupiga padi, na mwalimu wangu hana tarehe ya kunipangia mazoezi. Deni linaweza kulipwa mwakani pamoja na riba. Mwaka wa bondia ukipita, hakuna wa kuulipa.

Usuluhishi ukisimamiwa, hufanya kazi. Mwaka 2021 bondia Tyson Fury alitangaza kwamba angepigana na bondia mwenzake Anthony Joshua nchini Saudi Arabia Agosti 14. Bondia mwingine, Deontay Wilder, alikuwa na mkataba uliompa haki ya pambano la tatu na Fury, na alikuwa ameshaupeleka kwa msuluhishi. Siku moja tu baada ya tangazo hilo, Mei 17, jaji mstaafu Daniel Weinstein aliamua kwamba Wilder ana haki yake. Pambano la Saudi Arabia likafa. Oktoba 9 Wilder alipanda ulingoni Las Vegas. Alipigwa kwa KO raundi ya 11, lakini alipigana, kwa sababu kulikuwa na mtu wa kusoma mkataba wake na kuamua. Mkisema hao ni matajiri wa ng'ambo, jirani zetu Kenya waliunda baraza la migogoro ya michezo kwa Sheria ya Michezo ya mwaka 2013.

Naomba mambo manne. Teua msuluhishi asiye na biashara na promota yeyote. Wekeni kwenye mikataba siku ya mwisho ya uteuzi na ya uamuzi. Promota anayedaiwa asiwe na uwezo wa kumfungia bondia wakati mgogoro unasubiri. Na fedha yote ya bondia iwe mikononi mwenu kabla ya kengele ya kwanza kulia.

Mheshimiwa, haya si yangu peke yangu. Bondia akizidi uzito, anaadhibiwa siku hiyo hiyo. Leseni yake ikiisha, hapandi ulingoni. Promota asipolipa, bondia anaambiwa awe na subira, na promota anapewa kibali cha pambano jingine. Tunaopigwa ndio tunaobanwa na sheria, na wanaouza tiketi wanaachiwa. Chombo kinachoubana upande mmoja kinaulinda upande wa pili.

Teua msuluhishi, Mheshimiwa, maadamu bado nina nguvu za kupigana.

Wako katika mchezo,
Bondia mwenye leseni yako, uzito wa welter