Mgonjwa wa uti wa mgongo aelezwe kwa lugha anayoielewa

Ajali inapotokea katika mteremko wa Sachangwan na Salgaa, swali letu la kwanza huwa ni idadi ya waliofariki. Ndivyo tulivyouliza Januari 31, 2009, lori la mafuta liliposhika moto Sachangwan na kuwaua watu zaidi ya 100. Ndivyo tulivyouliza tena Desemba 31, 2017, basi na lori vilipogongana karibu na Salgaa na watu 36 wakaangamia. Idadi ikishatangazwa na marehemu wakishazikwa, huwa hatuulizi tena. Lakini barabara zetu, pamoja na bodaboda na miti tunayoipanda kukata matawi, huwaacha wengine wakiwa hai, migongo yao imevunjika. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 15 ulimwenguni wanaishi na majeraha ya aina hiyo. Baadhi yao ni jirani zetu huku Nakuru.

Mimi si tabibu. Kazi yangu ni kufundisha isimu. Hata hivyo, nathubutu kuandika juu ya tiba ya viungo kwa sababu, nionavyo mimi, nusu ya tiba hiyo ni maelezo, na maelezo ni suala la lugha.

Ndani ya uti wa mgongo mna ugwe wa neva unaopitisha amri za ubongo kwenda viungoni. Ugwe huo ukijeruhiwa vibaya, miguu kwanza hulegea kabisa. Baada ya majuma kadhaa, sehemu ya ugwe iliyo chini ya jeraha huanza tena kuitikia kila mguso, ila sasa haina ubongo wa kuituliza. Hapo misuli hujikaza yenyewe. Magoti hujikunja usiku, mapaja hubanana, na mguu huruka blanketi inapougusa.

Sasa tazama jinsi lugha inavyoweza kutupoteza. Tunaposema mtu amepooza, neno hilo hutuletea picha ya kiungo kilicholegea, kisicho na uhai. Basi mguu unaporuka, jamaa hushangilia kuwa mgonjwa hajapooza tena. Tena, mtu akisema kuwa miguu imekakamaa, masikio yetu husikia habari njema, kwani kutokana na kitenzi hicho hicho twapata mkakamavu na ukakamavu, maneno ya kumsifu mtu imara. Familia hungoja asimame. Wengine huona ruko hilo kuwa ni pepo, wakamfunga miguu kwa kamba au kumkalia. Wote hao wanampenda mgonjwa wao. Walichokosa ni sentensi mbili tatu za kuwaeleza kwamba msuli unaojikaza wenyewe si dalili ya kutembea wala ya pepo.

Sentensi hizo zina uzito kwa sababu kazi kubwa ya tiba hii hufanyiwa nyumbani. Wahenga walinena kuwa haraka haraka haina baraka, na katika jambo hili usemi wao ni kanuni ya sayansi: msuli wa namna hii ukivutwa kwa ghafla hujikaza zaidi, bali ukinyooshwa taratibu na kushikiliwa hulegea. Mtaalamu hufundisha pia namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani, kumlaza kifudifudi inapowezekana ili nyonga na magoti yanyooke, kumkalisha vyema, na kumsimamisha kwa kifaa maalumu. Wala halengi kuuondoa mkazo wote, maana wapo wanaoutumia kujiinua kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu.

Msomaji asidhani kuwa nauza miujiza. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2017 yalionyesha kuwa kunyoosha misuli peke yake, katika miezi michache iliyopimwa, hakukuongeza kwa kiasi kikubwa wepesi wa viungo kwa wagonjwa wa neva. Hiyo ndiyo sababu familia yahitaji kufundishwa mambo yote kwa pamoja, hasa kuzisoma dalili. Mkazo ukizidi ghafla, mara nyingi mwili unalalamika juu ya jambo ambalo mgonjwa hawezi kulihisi: kibofu kimejaa au kina maambukizi, choo kimefunga, kidonda kimeanza makalioni, ukucha umeingia nyamani. Asiyeyajua hayo humvuta mguu mgonjwa mwenye kidonda. Vivyo hivyo, dawa ya baclofen inayopunguza mkazo haifai kuachwa kwa ghafla, kwani kufanya hivyo kwaweza kuleta degedege na hatari nyinginezo. Mtu aliyeishiwa na nauli ya kufuata dawa anastahili kuambiwa hivyo mapema.

Je, huambiwa? Hospitali ya Kitaifa ya Majeraha ya Uti wa Mgongo iko Nairobi, kiasi cha kilomita 160 kutoka Nakuru, na mbali zaidi kwa mtu wa Kuresoi au Subukia. Mara nyingi mgonjwa anayerudi kijijini hubeba karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza, tena kwa vifupisho ambavyo hata mwalimu wa kijiji hawezi kuvifumbua. Ilhali Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yataka mgonjwa aelezwe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma.

Najua nitaambiwa kuwa wataalamu ni wachache na fedha ni haba, hivyo lugha ni anasa. Ni kweli kwamba karatasi haiwezi kuchukua nafasi ya mtaalamu, na kaunti, ambazo zimesimamia huduma nyingi za afya tangu 2013, zina wajibu wa kuwafikisha wataalamu wa tiba ya viungo katika hospitali ndogo za mashinani. Lakini kama wataalamu ni wachache, basi mama na ndugu wa mgonjwa ndio watendaji wa tiba kila siku. Kuwanyima maelezo ni kuwapotezea wataalamu hao wachache jasho lao.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila anayeruhusiwa kwenda nyumbani baada ya kuumia uti wa mgongo apewe kijikaratasi cha Kiswahili chepesi, chenye michoro, na asomewe kwa Kikuyu au Kikalenjini ikihitajika. Pili, mtu mmoja wa nyumbani afanye mazoezi hayo mbele ya mtaalamu kabla ya mgonjwa kuondoka, ili ionekane ameelewa. Tatu, sisi wa idara za Kiswahili tukae na wataalamu hao tuyatengeneze maneno. Mimi natoa langu: tuuite mkazo huu mkakamao, tuutenge na ukakamavu, ili mguu uliokakamaa usisifiwe ilhali unahitaji kutunzwa. Kama lipo neno bora, na lije. Muhimu ni kwamba mama aliye Molo, anapougeuza mguu wa mwanawe saa nane za usiku, ajue anachokifanya na sababu yake.