Ushindi 28 Usiotosha

Kila Machi, vijana wetu wapenzi wa mpira wa kikapu hukesha wakipiga hesabu za vyuo vikuu vya Marekani. Timu 68 ndizo huingia michuano ya NCAA. Mwaka 2024, nafasi 32 zilikwenda kwa mabingwa wa ligi. 36 zilizosalia ziligawiwa na kamati.

Tuitazame Indiana State. Ilishinda michezo 28, ikapoteza sita tu. Lakini huo wa sita ulikuwa fainali ya ligi ya Missouri Valley, ilipofungwa na Drake 84–80. Tangu hapo hatima yake ikawa mikononi mwa watu wa mezani. Siku chache baadaye North Carolina State, iliyokwisha kupoteza michezo 14, ilishinda mitano kwa siku tano, ikatwaa ubingwa wa ligi yake na nafasi isiyohitaji kura ya mtu. Indiana State ikaachwa nje.

Sisi tunaokaa katika kamati twaujua uzito wa kukata jina. Hata hivyo, kwa maoni yetu, hapa kamati ilikosea. Timu ya ligi ndogo hukutana na vigogo kwa nadra, kisha huambiwa haikupambana na vigogo. Vijana wale walikwenda mashindano ya NIT, wakafika fainali, wakashindwa kwa pointi mbili.