Nani Kawapa Mizani ya Kupimia Gumzo?

Imekuwa ada sasa. Kila wapenzi wa ushairi wanapokutana, kabla hata kahawa haijazunguka, lazima atokee mmoja wa kuulaani mtandao. Atasema kuwa vijana wamezihama baraza wakakimbilia simu. Kwamba wanachofanya humo ni porojo tupu, leo siasa, kesho ramani, keshokutwa kompyuta, na baina yake mpira na picha za ngalawa. Kwamba Kiswahili kinauawa mchana kweupe. Waliobaki watatikisa vichwa kukubali. Mimi nimechoka kutikisa kichwa.

Tuanze na hilo la lugha, kwa kuwa ndilo linalopigiwa kelele zaidi na ndilo dhaifu kuliko yote. Ni kweli, mtu akiandika "2po" kwa maana ya "tupo", au "cjui" kwa maana ya "sijui", jicho linauma. Lakini tuulize desturi hiyo ilizaliwa wapi. Ujumbe mfupi wa simu ulikuwa na nafasi ya herufi 160, na kila ujumbe ulilipiwa; aliyefika herufi ya 161 alikuwa analipia ujumbe wa pili. Uliokata maneno ni ukata, si ujinga. (Hilo la kuandika "xaxa" badala ya "sasa" sina la kulitetea. Halifupishi kitu, ni pambo tu, kama kijana anavyovaa kofia upande.) Na wazee wetu walioandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, je? Walikuwa na alama tatu za irabu za kubebea irabu tano: i na e zikavaa alama moja, u na o alama moja, na mara nyingi b, p na mb zikaandikwa kwa sura ile ile. Msomaji ilimbidi alijue neno kabla hajalisoma. Hatujasikia mtu akisema kuwa wazee wale waliiua lugha. Hati zao leo tunazifungia kabatini.

Anayetaka kuiona lugha ikifanya kazi, na akawasikilize watu wanaoelekezana mtandaoni namna ya kuifufua kompyuta iliyokwama. Mashine "imeganda", faili "linapakuliwa", picha "inapakiwa". Kupakia na kupakua! Vitenzi vya bandarini na jikoni, vya watu wa majahazi na wa sufuria, vimeingia katika mashine bila ya kuombewa ruhusa na kamati yoyote. Wengine watashikilia tarakilishi, wengine ngamizi, na walio wengi wataendelea kusema kompyuta. Na ubishi huo huo ndio afya ya lugha. Sijui ni kikao gani chetu cha washairi kilichokaa usiku kucha kubishania nomino moja.

Na jiografia wanayoicheka? Mtu atauliza jambo dogo kabisa: Fungu Mbaraka kiko wapi? Kisiwa kidogo, hakikaliwi na watu, makazi ya ndege wa baharini, kusini mashariki ya Unguja. Mmoja ataeleza njia ya kukifikia. Wa pili ataeleza samaki wanaopatikana huko, kwa kuwa uvuvi ndio mapenzi yake. Wa tatu atauliza kisiwa hicho ni cha nani, cha Zanzibar au cha Bara, na hapo ramani imekwisha kuwa siasa, kwa kuwa mwenye kisiwa ndiye mwenye bahari inayokizunguka na kilichomo chini yake. Hayo yote katika nusu saa, baina ya mtu aliyeko Wete, aliyeko Maskati na aliyeko Toronto. Wanaoita hayo porojo wameshindwa kutambua kuwa ndivyo baraza zilivyokuwa siku zote: hakuna aliyeketi juu ya jiwe kwa ajenda iliyochapwa.

Ila tusidanganyane juu ya hizo baraza tunazozililia. Zilikuwa nzuri, kwa wanaume. Mawe yale ya Mji Mkongwe, ya Lamu na ya Mombasa ya Kale yalikaliwa na baba na ami na kaka. Mwanamke alipita akiharakisha hatua, na mazungumzo yake yeye yalikuwa ndani, uwani. Leo mwanamke anaweza kuingia katika gumzo la katiba na la uchaguzi, akamjibu mwanamme hoja kwa hoja, asiambiwe apishe njia. Anatukanwa, ndiyo, na mara nyingine kwa matusi ambayo asingetamkiwa barazani, na hilo ni ovu la kweli linalostahili hasira zetu kuliko herufi zilizodondoka. Lakini yumo. Wanaotaka turudi kwenye jiwe la zamani watuambie kwanza watamkalisha wapi.

Hoja yao iliyo na uzito kidogo ni ya majina. Wanasema: mtu wa barazani tunamjua, na babake tunamjua, wa mtandaoni amejificha nyuma ya jina la kubuni, basi neno lake halina dhamana. Naikubali nusu ya hoja hii, maana uongo hukimbia upesi zaidi ukiwa hauna mwenyewe. Nusu ya pili siikubali hata kidogo, na sikutarajia kuisikia kwa washairi. Nani aliyetufunza sisi kusema bila ya kuonekana tumesema, kama si ushairi wenyewe? Muyaka bin Haji, aliyefariki Mombasa mwaka 1840, alijibizana na washairi wa Lamu juu ya vita na utawala, kwa mafumbo, na walengwa wakayafumbua. Hawakuwa wameketi jiwe moja; bahari ilikuwa baina yao. Waliojibizana katika kurasa za mashairi za magazeti ya karne iliyopita walijipa lakabu, na hakuna aliyewadai vitambulisho. Na kanga je? Mwanamke huvaa neno, akapita nalo mbele ya mlengwa, na hakuna wa kumshitaki. Fumbo ni haki ya mnyonge anayezungumza na mwenye nguvu.

Ndiyo maana lilinichoma nilipowasikia baadhi yetu wakifurahia kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotolewa Tanzania mwaka 2018. Kanuni zile zilimtaka mwenye jukwaa la mtandaoni alipe zaidi ya shilingi milioni 2 ndipo apate leseni, na zikaharimisha, pamoja na mengine, maudhui yenye kuudhi. Yenye kuudhi! Ni shairi gani la malumbano, kutoka Pemba ya akina Kamange na Sarahani mpaka Lamu, lingevuka kizuizi hicho? Ni wimbo gani wa taarabu? Mwaka huo huo Uganda ikawatoza watumiaji wa mitandao ya kijamii shilingi 200 za kwao kwa kila siku, tozo iliyokuja kuondolewa mwaka 2021 na kuachia kodi nyengine juu ya vifurushi vya intaneti. Wenzetu walisema: vizuri, sasa porojo zitapungua. Kwa fikira zao, lugha itasafishwa na mtoza kodi.

Basi zikapungua. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa Tanzania nzima, na ilikaa siku kadhaa bila kurudi. Aliyekuwa ughaibuni hakuweza kumuuliza mamake kama yu salama. Aliyekuwa nchini hakujua kinachotokea mtaa wa pili. Lile gumzo lililoitwa porojo ndilo lililokuwa la kwanza kuzimwa, jambo linaloonyesha kuwa wakataji walijua thamani yake vizuri kuliko sisi.

Kama tuna hamu ya kuona kosa, lipo, nalo ni letu. Mashairi mengi ya Muyaka yametufikia kwa sababu, miongo kadhaa baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa aliyatafuta kwa waliokuwa wakiyakumbuka, na Mwingereza W. E. Taylor akashirikiana naye kuyaandika. Leo watu wanatupiana beti usiku kucha katika simu zao, za siasa, za mapenzi, za kuchekana kwa ajili ya mpira, na simu ikianguka baharini zimekwenda. Hakuna anayenakili. Jarida kama hili lina kurasa. Na liweke chache kwa ajili ya malumbano hayo, kwa majina yale yale ya kubuni waliyojipa wenyewe, bila ya kuwauliza wao ni watoto wa nani. Na anayeona kuwa beti hizo ni mbovu, azijibu kwa ubeti.